Mkeka wa mazoezi mepesi: usidanganywe na unene

Mtu aliyelemewa na msongo wa mawazo akishauriwa afanye mazoezi mepesi nyumbani, kitu cha kwanza kununua huwa ni mkeka, na mara nyingi huchukua ule mnene kuliko yote. Anaubonyeza kwa kidole gumba, kinazama, anaona hapo mgongo utapata raha. Haupiti muda mrefu mkeka uko nyuma ya mlango, kingo zimejikunja, vumbi limeukalia, na mwenyewe anajilaumu kwa uvivu. Lawama hiyo haimstahili. Amenunua mkeka usiofaa kwa kazi aliyoukusudia, na mwili umemwambia hivyo kila alipopiga magoti au kusimama juu yake.

Mapitio haya yanaiangalia mikeka ya kuviringisha kwa matumizi ya aina moja tu: mazoezi ya taratibu ya kutuliza mwili. Yaani kulala chali na kupumua, kukaza na kulegeza misuli, kunyoosha mgongo ukiwa umepiga magoti, na kusimama ukifungua mabega. Anayeruka kamba au kunyanyua vyuma ana mahitaji mengine. Uamuzi nautoa mapema kwa asiye na muda: nunua mkeka wa milimita 5 au 6, wa mpira asilia ukitaka mshiko au wa PVC nzito, yaani plastiki, ukitaka udumu, na uwe na blanketi moja la kukunja pembeni. Mikeka ya sponji ya milimita 10 hadi 15 naiweka mwisho kabisa, ingawa kuna watu wachache inaowafaa, nao nitawataja.

Unene: hapa ndipo wengi wanapopotea

Mikeka iliyopo sokoni huanzia milimita 1 au 2, ambayo ni ya safari na hukunjwa kama nguo. Ya milimita 3 hadi 4 ni ya yoga ya kawaida. Kisha kuna ya 5 na 6, halafu unaruka hadi ile minene ya 8, 10 na 15, ambayo karibu yote ni sponji laini, hasa ya NBR, mpira wa kutengenezwa kiwandani.

Ubaya wa sponji nene unaonekana vizuri ukipiga magoti na kuweka viganja chini. Uzito wote wa mkono unaangukia kwenye kitako cha kiganja, basi kitako kinazama, lakini vidole vinabaki juu kwa sababu havijabeba uzito. Kifundo cha mkono kinalazimika kukunjika zaidi ya vile ambavyo kingekunjika kwenye sakafu kavu. Ukikaa hivyo dakika mbili au tatu, kifundo kinauma, nawe unadhani una udhaifu wa mikono. Ukisimama, mambo ni yale yale: nyayo zinazama bila usawa, kifundo cha mguu kinayumba, na misuli midogo ya miguu, nyonga na kiuno inafanya kazi bila kupumzika kukuzuia usianguke. Aliyekuja kutuliza mwili anaishia kuukaza.

Kasoro ya tatu hujitokeza baadaye. Sponji ya aina hiyo ina hewa nyingi kuliko mpira, na pale magoti na visigino vinapokaa kila siku hubonyea moja kwa moja. Kwa hiyo ule unene ulioulipia unaisha mahali pale pale ulipouhitaji. Kucha ya mguu ikikwaruza, kipande kinang'oka.

Sasa hao wachache. Mtu mwembamba sana, au mzee ambaye kitokono na mifupa ya nyonga humuuma akilala kwenye kitu kigumu, na ambaye mazoezi yake yote ni ya kulala, huyo mkeka wa milimita 10 unamfaa. Asisimame juu yake tu. Akitaka kusimama, ashuke sakafuni.

Kwa wengine wote, milimita 5 au 6 na blanketi ni bora kwa sababu rahisi: ulaini unauweka mahali unapotakiwa na kuuondoa usipotakiwa. Likunje mara mbili au tatu mpaka lifike unene wa sentimita 2 hivi, lilaze chini ya magoti, viganja vibaki kwenye mkeka wenyewe. Ukilala chali, blanketi hilo hilo linahamia chini ya kichwa. Usilikunje mpaka likawa kama mto mkubwa, maana kidevu kitasukumwa kifuani na pumzi itabanwa kooni.

Vitu inavyotengenezwa

Kati ya mikeka ya kunata, PVC ndiyo ya zamani kuliko mingine. Mikeka ya kunata ya yoga ilianza pale mwalimu wa yoga Angela Farmer alipotumia vipande vya kitambaa cha kuwekwa chini ya zulia alivyovikuta Ujerumani, kwa kuwa vilimzuia asiteleze. PVC nyepesi ya milimita 3 huchakaa na kumenyeka, siipendekezi. PVC nzito ni habari nyingine. Mfano unaojulikana zaidi ni Manduka PRO, wenye milimita 6, urefu wa sentimita 180, upana wa sentimita 66 na uzito unaokaribia kilo 3.4. Umeshikamana sana, hauzami, haumenyeki ovyo. Kasoro yake ni mbili: ni mzito kubeba, na ukiwa mpya unateleza. Utelezi hupungua ukiusugua kwa chumvi ya chenga, ukauacha na chumvi hiyo usiku kucha, ukaupangusa kwa kitambaa cha maji na kuuanika. Baada ya hapo matumizi yenyewe ndiyo yanayomalizia kazi. Kwa mikeka ya PVC isiyo na jina, angalia maelezo yake kama yamesema haina fthaleti, yaani kemikali za kulainishia plastiki. Ukikuta mkeka una harufu kali inayochoma pua hata baada ya kuanikwa kivulini siku kadhaa, urudishe.

Mpira asilia ndio wenye mshiko bora kwa kiganja kikavu. Kiganja kinakaa hapo kilipowekwa, na hilo lina maana kubwa kwa mtu mwenye wasiwasi, kwa kuwa mwili unaoogopa kuteleza haulegei. Jade Harmony, wenye unene wa karibu milimita 4.8, ni mfano mzuri. Milimita hizo zinatosha mradi blanketi lipo. Utavumilia harufu kama ya tairi kwa wiki za mwanzo. Mwenye mzio wa lateksi, yaani utomvu wa mti wa mpira, asiuguse hata kwa kujaribu. Jua ni adui yake mkubwa: ukiuanika juani mara kwa mara unakuwa mkavu, unapasuka na kuacha chenga nyeusi sakafuni. Mafuta ya mwili nayo huulainisha na kuuharibu, kwa hiyo ukijipaka, subiri yakauke.

TPE, plastiki laini inayonyumbuka kama mpira, ni nyepesi, takriban kilo moja, haina harufu kali na hainyonyi maji. Kwa anayebeba mkeka kila siku, au mwenye mwili usiopenda harufu ya mpira, ni chaguo la heshima. Haidumu sana, na joto huivuta: ukiiacha ndani ya gari lililofungwa juani, huirudishi tena katika umbo lake.

Koki ni gome la mti, lile lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, lililobandikwa juu ya mpira au TPE. Tabia yake ni kinyume na mingine, kwa sababu mshiko unaongezeka kadiri inavyopata unyevu. Katika mazoezi mepesi hutoki jasho, basi nyunyizia maji kidogo pale viganja vinapokaa. Iviringishe koki ikiwa nje, ukigeuza inapasuka mistari.

Kuna pia mikeka ya pamba na ya katani. Ni mizuri kwa kukaa na kulala, lakini kwenye vigae huteleza bila kitu cha mpira chini yake.

Ukubwa na namna ya kuukagua

Kipimo cha kawaida ni sentimita 173 kwa 61. Kwa anayelala chali muda mrefu, hicho ni kifupi ukiwa na urefu wa zaidi ya sentimita 165 hivi. Kanuni ni kuongeza sentimita 10 juu ya urefu wako, ili kichwa na visigino vyote vibaki kwenye mkeka. Kisigino kikikaa nje kwenye sakafu baridi, utakuwa unakiondoa na kukirudisha muda wote. Upana wa sentimita 66 hadi 68 una thamani kuliko urefu wa ziada, maana viwiko vinapata mahali.

Dukani, usiishie kubonyeza kwa kidole, kidole hakina uzito wa goti. Omba uutandaze, upige magoti juu yake, halafu uweke viganja na usukume mbele kwa nguvu. Mkeka ukitambaa sakafuni, au ngozi ya juu ikijikunja mbele ya kiganja, uache. Angalia pembe nne kama zinalala zenyewe. Pembe inayosimama ndiyo itakayokukwaza. Vuta ukingo mmoja taratibu kwa mikono miwili: mzuri unavutika kidogo na kurudi, mbaya unaonyesha nyufa nyeupe.

Ukinunua mtandaoni, soma uzito kabla ya picha. Mkeka wa sentimita 183 kwa 61 wenye unene wa milimita 10 una ujazo wa lita 11 na ushee. Ukiandikwa kuwa na gramu 900, ujue sehemu kubwa ya ulicholipia ni hewa. Mkeka wa milimita 6 wenye kilo 2 au zaidi utakubeba vizuri zaidi kuliko huo mnene.

Kuujaribu kwa kazi yenyewe

Mkeka unapimwa kwa mazoezi utakayoyafanya, basi haya ndiyo mazoezi niliyoyatumia kuamua, na ndiyo ninayopendekeza kwa anayeanza. Yote yanachukua kama dakika 20.

Anza kwa kulala chali, mashavu ya miguu yakiwa juu ya kiti. Sogeza makalio karibu na miguu ya kiti mpaka mapaja yasimame wima na magoti yajikunje kama pembe ya meza. Hapo kiuno kinashuka chenyewe bila kusukumwa, na ndiyo sababu mkao huu unaushinda ule wa kunyoosha miguu kwa mtu aliyekaa kitini siku nzima. Weka mkono mmoja juu ya tumbo, chini kidogo ya mbavu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu polepole mpaka 4, itoe ukihesabu mpaka 6. Hesabu moja ikichukua sekunde moja, unapata pumzi 6 kwa dakika. Moyo huenda kasi kidogo unapovuta hewa na hupunguza mwendo unapoitoa, kupitia neva ya vagasi inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, kwa hiyo kurefusha utoaji ndiko kunakouambia mwili kwamba hatari imepita.

Kosa la kawaida hapa ni kuvuta hewa nyingi kupita kiasi. Mtu akiambiwa apumue taratibu, anapumua kwa kina mpaka mabega yanapanda. Matokeo yake anatoa kabonidioksidi kuliko inavyohitajika, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinafanya ganzi, naye anashtuka zaidi. Dawa ni kupunguza kiasi cha hewa: pumzi ndogo, ndefu, isiyosikika. Anayekosa hewa kwa hesabu ya 4 na 6 aanze na 3 na 4. Na wapo ambao kufumba macho na kusikiliza pumzi huwaongezea hofu, hasa waliopitia jambo zito. Hao wasilazimishwe. Wafumbue macho, watazame kitu kimoja kisichosogea, wahisi uzito wa mgongo kwenye mkeka, na waende zoezi la pili moja kwa moja.

Zoezi hilo la pili ni kukaza na kulegeza, njia iliyoanzishwa na daktari wa Marekani Edmund Jacobson mwanzoni mwa karne ya 20. Ukiwa umelala, kaza kundi moja la misuli kwa sekunde 5, kisha liachie kwa ghafla na ukae sekunde 20 hadi 30 ukihisi tofauti. Anza na miguu, panda kwenye mapaja, ngumi, mabega, umalizie kwa uso na taya. Usikaze kwa nguvu zote, nusu yake inatosha. Kwenye mashavu ya miguu vuta vidole kuelekea kwako. Ukivielekeza mbele, misuli hiyo hushikwa na mkakamao na utulivu wote unaisha. Mabega ndiyo yenye faida kubwa kuliko sehemu zote, yapandishe mpaka karibu na masikio, yarudie mara mbili. Usizuie pumzi wakati wa kukaza, hasa ukiwa na shinikizo la juu la damu.

Tumia zoezi hili pia kuupima mkeka. Ukiwa umelegea kabisa, je, kuna mfupa unaouma? Ukisikia kitokono au kisogo, ongeza blanketi. Ukisikia mgongo mzima umelala kwenye shimo, mkeka ni laini mno.

Kisha magoti na viganja. Magoti yakae chini ya nyonga, juu ya blanketi. Viganja chini ya mabega, vidole vimetanuka. Ukitoa pumzi, pandisha mgongo uwe upinde na uache kichwa kishuke. Ukivuta, shusha tumbo na ufungue kifua, bila kutupa shingo nyuma. Mara 8 hadi 10, na pumzi ndiyo iongoze mwendo. Vifundo vya mikono vikiuma hata kwenye mkeka mgumu, shuka kwenye viwiko au tumia ngumi. Kutoka hapo rudisha makalio kuelekea visigino, laza kifua juu ya mapaja na paji la uso juu ya ngumi mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kaa dakika moja au mbili. Magoti yanayobanwa yanasaidiwa na taulo lililoviringishwa, likawekwa nyuma ya magoti kabla ya kukaa.

Malizia kwa kusimama mbele ya ukuta. Weka viganja ukutani usawa wa nyonga, rudi hatua mbili, inama mpaka mgongo na mikono viwe mstari mmoja, magoti yamelegea. Hapa mpira asilia unaonyesha ubora wake, nyayo hazitambai nyuma. Dakika moja inatosha.

Mjamzito ambaye mimba imevuka miezi mitano alalie upande wa kushoto badala ya chali. Mwenye presha ya macho aepuke mikao yote inayoshusha kichwa chini ya moyo. Maumivu ya kifua, ganzi inayoshuka mkononi au mguuni, au kizunguzungu kisichoondoka ukikaa ni sababu ya kuacha na kumwona daktari. Vivyo hivyo kama usingizi umepotea au umekata tamaa kwa wiki mbili mfululizo: mkeka unasaidia, lakini hali hiyo inahitaji mtu wa afya.

Jambo moja la kuweka wazi kwa wanaouza mikeka kana kwamba ni tiba kamili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa haraka, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Haya ya mkekani hayajazi nafasi hiyo. Mwongozo huo huo unasema mwendo wowote ni bora kuliko kukaa, na hapo ndipo dakika 20 za sakafuni zinapopata uzito kwa mtu ambaye leo hana nguvu ya kutoka nje.

Utunzaji

Mkeka uwe mahali unapoonekana, na kama nafasi ipo, uache umetandazwa. Kila hatua ya kuutafuta na kuufungua ni kisingizio kwa mtu aliyechoka. Ukiuviringisha, upande wa juu uwe nje. Ukirudi kuutandaza, kingo zitaelekea sakafuni badala ya kusimama. Usiutundike kwenye kamba au msumari, unapata mkunjo wa kudumu.

Kwa usafi, lita moja ya maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya maji. Chovya kitambaa, kikamue, pangusa, rudia kwa maji matupu, anika kivulini. Sabuni ikizidi, inabaki juu ya mkeka na kuufanya uteleze. Nusu ya malalamiko ya utelezi ninayoyasikia chanzo chake ni hicho. Mashine ya kufulia huchana mpira na kuutenganisha na koki, hata pale maelezo ya muuzaji yanapoiruhusu. Mafuta ya manukato yasiguse mpira asilia.

Badilisha mkeka unapoanza kuacha chenga, unapong'aa pale viganja vinapokaa, au goti linapogusa sakafu. Usiutupe wote. Sehemu ya katikati ya ncha mbili huwa haijachakaa: kata kipande cha sentimita 60 kwa 30 kwa mkasi mkali, kikunje mara mbili, kitakaa chini ya magoti badala ya blanketi. Vipande vidogo viweke chini ya miguu ya kile kiti, ili kisiteleze miguu yako ikiwa juu yake.